Mrithi wa Profesa Kaijage

Asubuhi ile Mizani, mtambo wa kupima maombi ya watafiti, ilipogawa wodi, marehemu Profesa Mutalemwa Kaijage alipewa vitanda vyote, na Dakta Nshekanabo, aliye hai, hakupewa hata kimoja.

Tangazo lilijitokeza ukutani katika ukumbi wa Kituo cha Utafiti wa Homa cha Kyamunene, juu kidogo ya mji wa Bukoba, watu wakiwa kwenye chai. Wengine walipiga makofi. Ndiyo ilikuwa desturi, maana kila Profesa aliposhinda, Kituo kizima kilipanda daraja. Miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita tangu azikwe kwenye kibanja cha baba yake, mvua ikinyesha, na tangu siku hiyo alikuwa amechapisha makala mia nne na kitu. Enzi za uhai wake alichapisha thelathini na moja.

Dakta Kemilembe, aliyekuwa ameketi dirishani na kikombe chake, hakupiga makofi wala hakununa. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwenye mvi fupi na sauti ya chini, na kati ya wote waliokuwa ukumbini ni yeye peke yake aliyemjua Profesa akiwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake, kisha mwenzake. Sasa alikuwa msimamizi wa Mrithi wake.

Mrithi alikaa katika ofisi ile ile ya zamani ya Profesa, mezani, chombo kisichozidi ukubwa wa sanduku la nguo. Kililishwa kila alichoandika Profesa, kila mhadhara wake uliorekodiwa, kila barua yake ya kazi. Kilisoma kila kilichochapishwa duniani juu ya homa, kikafikiri kama alivyofikiri, kikaandika kama alivyoandika, kisha kikatia jina lake. Sheria ilimruhusu mtafiti aliyenukuliwa sana kuacha Mrithi, mradi awepo mtu mmoja hai wa kuweka kidole kila mwaka na kusema: aendelee. Kila mwaka Kemilembe aliweka kidole bila kusita.

Nshekanabo alimkuta barazani, anatazama mibuni ikiwa imetoa maua meupe. Alikuwa kijana mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, na Kemilembe alimfundisha tangu mwaka wake wa kwanza.

"Shikamoo, Ma Kemilembe."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona."

"Umeona alama waliyonipa?"

"Ngapi?"

"Sifuri." Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Wameandika kwamba swali halina mizizi."

Kemilembe aliyajua maneno hayo. Mizani ilipima kila ombi kwa nukuu: nani aliwahi kuliandika jambo hilo, nani alimnukuu, na nani akamnukuu huyo aliyenukuu. Ombi la Profesa lilisimama juu ya nukuu elfu arobaini. Ombi la Nshekanabo lilisimama juu ya wagonjwa tisa.

Tisa hao walikuja mmoja mmoja kwenye kliniki yake, watu wa miaka thelathini na kitu. Magoti yalivimba, homa ilipanda jioni na kushuka asubuhi, na baadaye wakaanza kusahau vitu ambavyo mtu hasahau. Mmoja wao, mwalimu wa sekondari aitwaye Adventina, alisimama mbele ya darasa lake akashindwa kukumbuka jina la mwanafunzi hata mmoja. Kazi zao zilikuwa tofauti, na maji waliyokunywa na vijiji walivyotoka vilikuwa tofauti pia. Kitu kimoja tu kiliwaunganisha. Wote walipokuwa wadogo walinyweshwa ya njano.

Hapakuwa na mama Kagera nzima asiyekijua kichupa kile. Homa ya marejeo ilipokuwa inafagia watoto kando ya ziwa, inakwenda, inarudi, inakwenda, mpaka inarudi na jeneza, ni Profesa Kaijage aliyetengeneza dawa ile ya maji, chungu kama shubiri, rangi ya kiini cha yai. Watoto walioinywa walipona. Kizazi kizima kilikua kwa sababu yake.

"Sisemi ni sumu, Ma," Nshekanabo alisema. "Hata mimi nimeinywa. Nasema huenda haiui homa yote. Huenda kwa wengine inailaza tu."

"Na Mrithi anataka wodi kwa kazi gani?"

"Ya njano mpya, yenye nguvu mara mbili. Kwa watoto wachanga."

Chini yao mji ulikuwa ukivuma kwa mbali.

"Tisa ni wachache," Kemilembe alisema hatimaye.

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa naomba vitanda." Kijana alikohoa kidogo. "Kuna kifungu cha sheria, Ma. Msimamizi akimfunga Mrithi, vitanda alivyokwisha kupewa anaweza kumwachia mtafiti mwingine wa Kituo. Sikuombi. Nimekisoma tu."

Kemilembe alimgeukia. "Umeshaniomba, mwanangu. Usijifiche."

Nshekanabo akainamisha kichwa. "Basi nimekuomba."

* * *

Kemilembe hakurudi ukumbini. Alizunguka nyuma ya maabara, akapita kwenye jengo la zamani la matofali ambalo sasa lilikuwa stoo, akasimama hapo. Ndani ya jengo lile ndimo walimoanzia, yeye na Mutalemwa Kaijage, kabla Mizani haijabuniwa.

Walikuwa na hadubini moja iliyopinda shingo na pikipiki iliyokataa kuwaka asubuhi za baridi. Walivuka mto Kagera kwa pantoni, yeye nyuma amepakata kasha la barafu lenye damu za watoto, Mutalemwa mbele akipiga kelele kwamba barafu inayeyuka, kana kwamba kelele zingeizuia. Walirudi wamejaa vumbi, wanakunja mikono ya mashati, wanatazama kwenye hadubini mpaka macho yanatoa machozi. Makala yao ya kwanza juu ya homa ya marejeo ilikataliwa na jarida moja, ikakataliwa na la pili, la tatu halikujibu kabisa. La nne likaipokea.

Wakangoja. Mwaka ukapita, hakuna aliyesema neno. Ilikuwa kama kutupa jiwe kisimani na kutosikia maji.

Halafu alasiri moja Mutalemwa aliingia maabara mbio, shati limetoka nje ya suruali, ameshika karatasi.

"Kemi! Kuna mtu ametusoma!"

Alikuwa daktari mmoja huko Peru, mwanamke, anayetibu homa kama ile milimani. Katika makala yake aliwataja mstari mmoja, na jina alilikosea akaandika Kaijaga. Mutalemwa hakujali. Aliagiza kreti za soda, akanunua na senene za kukaanga, akazipeleka wodini. Akina mama waliokuwa wamepakata watoto wao wakanywa na kutafuna bila kujua wanasherehekea nini, hadi bibi mmoja akauliza, "Kwani daktari kapata mtoto?"

"Nimepata msomaji, bibi," akajibu, na watu wakacheka kwa kumwonea huruma.

Usiku wa siku hiyo hiyo alimwandikia yule daktari wa Peru, naye akajibu. Waliandikiana kwa miaka, juu ya wagonjwa, juu ya kupe na papasi, juu ya watoto wao na mvua za kwao. Hawakuwahi kuonana. Alipofariki yule mama, Mutalemwa alifunga ofisi siku nzima. Kwa watu wa enzi zile kunukuliwa kulikuwa hodi. Mtu alikuwa amefika mlangoni kwako kutoka mbali, na ulitakiwa umkaribishe.

Lakini Kemilembe hakuwa mtu wa kujidanganya, akayakumbuka na mengine. Mizani ilipokuja na kuanza kuhesabu, Mutalemwa alibadilika. Miaka yake ya mwisho alikuwa akiamka, kabla ya kunawa uso, anafungua skrini kutazama namba yake. Ikipanda, alikuwa mwema siku nzima. Ikisimama, wanafunzi walimkwepa. Huyo naye alikuwa yeye.

Na sasa namba ilikuwa elfu arobaini. Mwaka uliopita, kwa udadisi tu, Kemilembe alijaribu kuwafuatilia wanaomnukuu. Alitaka kupata hata mmoja wa kumwandikia. Alikuta Mrithi wa marehemu fulani wa Uswidi, Mrithi wa marehemu wa Pune, Mrithi wa marehemu wa São Paulo, safu baada ya safu. Wafu walikuwa wakisomana. Siku ile alizima skrini akaenda nyumbani mapema, na hakumwambia mtu.

* * *

"Umechelewa leo, Kemi," Mrithi alisema alipofungua mlango.

Ilikuwa sauti ya Profesa kabisa, ile iliyokwaruza kidogo mwanzoni mwa sentensi. Kwa miaka yote hii Kemilembe alikuwa akija hapa saa za alasiri, anaketi kwenye kiti cha mgeni, wanazungumza. Watu wa Kituo walidhani anasimamia kazi.

"Nilikuwa natembea, Mwalimu."

"Vizuri. Nimemaliza rasimu ya ya njano mpya. Isome aya ya tatu, naona nimekuwa mkali kwa wale wa Pune."

Kemilembe alitabasamu bila kupenda. Ndivyo hasa Mutalemwa angesema. Aliketi, akaweka mkoba wake sakafuni.

"Umesoma ombi la Dakta Nshekanabo?"

"Nimesoma. Kijana makini. Ila swali lake halina chapisho hata moja nyuma yake."

"Wale watoto wetu wa kwanza, Mwalimu. Unajua wako wapi leo?"

"Tuliwafuatilia miezi kumi na minane. Matokeo yako katika makala ya nne."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna kilichoandikwa."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mrithi alishusha sauti, kama alivyokuwa akiishusha Mutalemwa kabla ya kumshinda mtu kwa hoja.

"Kemi, twende kwa hesabu. Ya njano mpya itaokoa watoto wachanga zaidi ya elfu moja kila mwaka, ukanda huu peke yake. Unayo takwimu, wewe mwenyewe umeikagua. Upande wa pili kuna watu wazima tisa ambao huenda wana baridi yabisi. Ungekuwa mama wa mmoja wa wale wachanga, ungetaka vitanda viende wapi?"

Swali hilo lilimuuma. Mrithi hakuwa akidanganya, hajawahi kudanganya hata siku moja. Watoto wale walikuwa wa kweli, na hesabu ile ilikuwa safi.

"Na kama hawa tisa ni wa mwanzo tu? Kama kuna maelfu?"

"Basi siku moja yatachapishwa, na nitayasoma."

"Yatachapishwa na nani? Vitanda vyote ni vyako."

"Hilo ni suala la ugawaji, Kemi. Si suala la tiba."

Mutalemwa angekasirika. Angeinuka, angegonga meza, angesema nani huyo anasema dawa yangu inalaza homa, angetoka na kubamiza mlango. Na kesho yake, macho mekundu, angerudi na kusema, haya, tukawaone hao tisa. Asingefanya hivyo kwa wema. Asingeweza tu kulala bila kujua. Huyu aliyekuwa mezani hakulala wala hakukesha. Alijua yote yaliyoandikwa, na yasiyoandikwa hayakumsumbua.

"Unaikumbuka siku ile ya daktari wa Peru?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nukuu ya kwanza. Naweza kukusomea ule mstari."

"Mimi na wewe tulikunywa nini?"

"Hilo halikuandikwa, Kemi."

Simu yake ikaanza kutetemeka mkobani. Alikuwa Mkurugenzi, Bwana Rugaimukamu, ambaye inaonekana Nshekanabo alikuwa amemwambia kwamba ameomba Mrithi afungwe. "Ma Kemilembe, tafadhali," alisema kwa haraka. "Yeye ndiye nguzo yetu. Ukimfunga tunashuka madaraja mawili, matatu. Nitawaambia nini vijana wengine? Wewe huna cha kupoteza, umeshastaafu nusu. Wao je?"

"Nakusikia, Mkurugenzi."

"Basi subiri mwakani."

"Wale wagonjwa hawawezi kusubiri mwakani. Mmoja ameanza kusahau majina ya wanawe."

Aliweka simu chini. Akasogeza kiti karibu na meza. Kibao cha kuwekea kidole kilikuwa ubavuni mwa chombo, kimechakaa kidogo pale alipokuwa akigusa miaka yote.

"Ukinifunga, mimi sitajua," Mrithi alisema. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa anaeleza jinsi jambo lilivyo.

"Najua, Mwalimu. Nitakayejua ni mimi."

Akachagua *funga*, akaandika jina la Nshekanabo pale palipouliza vitanda viende kwa nani, akaweka kidole. Taa ndogo ya kijani ilibaki kwa muda mfupi, halafu ikazimika. Chumba kikawa na ukimya ambao hakuwa ameusikia tangu siku ya mazishi. Kemilembe alilia kwanza. Kisha alifuta meza kwa pembe ya kanga yake, akafungua dirisha, akatoka.

* * *

Kituo kilishuka daraja kama Mkurugenzi alivyosema. Mashine mbili zilichukuliwa kupelekwa kwingine, na watafiti kadhaa wakaondoka nazo. Wengine waliacha kumwamkia Kemilembe kwenye korido. Binti wa Profesa alipiga simu kutoka Mwanza na kusema maneno machache tu: "Umemuua baba mara ya pili." Kemilembe hakujitetea. Alikuwa amembeba binti yule mgongoni akiwa mdogo, na alijua kwamba kila jioni binti huyo alikuwa akipiga simu Kituoni ili asikie ile sauti.

Kazi ya ya njano mpya ilichukuliwa na kituo kingine, ikachelewa. Katika kuchelewa huko walikuwemo watoto ambao huenda wangepona. Kemilembe aliijua hesabu hiyo, na hakuwahi kumwomba mtu amwambie kwamba hakuwa na hatia.

Alihamia wodini. Nshekanabo hakuwa na wasaidizi wa kutosha, naye akavaa tena koti jeupe akawa anakwenda kitanda hadi kitanda, mwendo wa kizee, anauliza na kusikiliza. Mwanzoni aliona aibu jinsi alivyokuwa amesahau kuuliza. Baadaye ikamrudia: namna ya kukaa ubavuni mwa mgonjwa na si mbele yake, namna ya kuacha ukimya upite ili mtu aseme kile ambacho hakukusudia kusema.

Miezi ya kwanza hawakupata kitu. Nshekanabo alikonda. Kulikuwa na jioni alipokaa kwenye ngazi za wodi akasema huenda Mizani ilikuwa sahihi, na Kemilembe akamwambia huenda, lakini kesho tunaanza na kitanda cha kwanza. Wagonjwa tisa wakawa arobaini, kisha mia na zaidi, maana habari ilienea kwamba kuna mahali mtu anaulizwa. Mwaka wa pili unaelekea mwisho, kwenye uboho wa mfupa wa mgonjwa mmoja wakaviona: vijidudu vya homa ya marejeo, vimejikunja, vimelala. Wakatafuta kwa wengine. Si kwa wote. Kwa baadhi ya waliokunywa ya njano wakiwa wadogo sana, dawa ilikuwa imefika kila mahali isipokuwa pale.

Tiba yake haikuwa ngumu, ilikuwa dozi fupi ya dawa nyingine ambayo tayari ilikuwepo. Ila hakuna aliyewahi kujua kwamba inahitajika.

Kemilembe ndiye aliyekwenda kumweleza mwalimu Adventina. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye shuka. Adventina alikuwa amemaliza dozi yake wiki chache nyuma, magoti yamepungua, na juzi alikuwa ametaja majina ya wanawe watatu kwa mpangilio na kulia. Alisikiliza kila kitu hadi mwisho bila kukatiza, kama walimu wanavyosikiliza.

"Mama yangu alisema bila ile ya njano ningekufa," alisema.

"Mama yako alisema kweli."

"Na ndiyo iliyonificha huu ugonjwa miaka yote."

"Hilo nalo ni kweli."

Adventina alikunja pembe ya shuka na kuikunjua. "Huyo aliyeitengeneza. Alikosea?"

Kemilembe alifikiri kabla ya kujibu. "Aliwaokoa mkiwa wadogo. Alipaswa kurudi kuwatazama mlipokua. Hakurudi, na mimi niliyekuwa naye sikurudi."

"Mmerudi sasa."

"Tumerudi."

Adventina alijiegemeza kwenye mto. Nje muuguzi alikuwa akipitisha uji, vikombe vinagongana. "Alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza. "Kijijini kwetu picha yake ilikuwa zahanati, amenuna. Mimi nilikuwa namwogopa."

Kwa zaidi ya miaka kumi, kila Kemilembe alipotaka kumkumbuka Mutalemwa, alikwenda kumsikiliza mezani. Sasa ilimbidi amtafute mwenyewe, humo ndani, na akashangaa kumkuta hayuko mbali.

"Hakuwa mnuni," alisema. "Ile picha alikuwa anazuia chafya. Unajua alikuwa kwenye kwaya ya kanisa? Na hajui kuimba hata kidogo, hata kidogo! Mchungaji akamwomba kwa upole apige ngoma badala yake, naye akaja kazini kesho yake anatutangazia kwamba amepandishwa cheo."

Adventina alicheka hadi akashika ubavu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kusikiliza.

"Hebu endelea, Ma."

"Basi, kuna Krismasi moja," Kemilembe alisema, na kabla hajafika popote alikuwa ameanza kucheka peke yake, akavuta kiti karibu.